Si Kila Mlango Uliofunguka Ni wa Kuingia

Mfalme Sauli anaingia pangoni kujisaidia. Nje kuna askari wake 3,000, watu waliochaguliwa katika Israeli yote, na kazi yao ni moja tu: kumsaka Daudi. Mahali penyewe ni jangwa la Engedi, magharibi ya Bahari ya Chumvi, nchi ya majabali na mbuzi-mwitu. Mfalme hajui kwamba ndani zaidi ya pango lilelile, gizani, Daudi na watu wake wamejibanza.

Watu wa Daudi wanamwambia: hii ndiyo siku ile aliyokuambia BWANA.

Maneno hayo, 1 Samweli 24:4, yamenikaa kichwani kwa majuma kadhaa. Yanasumbua kwa sababu hayakutoka kinywani mwa adui. Wanaoyasema ni rafiki, watu waliotangatanga na Daudi nyikani na kukimbia naye usiku na mchana. Wanamtaja BWANA. Wanataja ahadi. Na hali yote inawaunga mkono: adui yuko peke yake, hana habari, na upanga uko mkononi. Mtu aliyeomba kwa miaka aondolewe adui yake angesema nini mahali kama hapo?

Angesema Mungu amefungua mlango.

Daudi alikata upindo wa vazi la Sauli tu, na hata huo ukamchoma moyo.

## Ahadi iliyonyooshwa

Hebu turudi nyuma tuitafute hiyo ahadi waliyoitaja. Pitia sura ya 16, Daudi anapopakwa mafuta na nabii Samweli awe mfalme. Pitia 17, 18, endelea mpaka 23. Hutakuta mahali Mungu amemwambia Daudi kwamba atamtia Sauli mkononi mwake ili amtendee apendavyo. Neno lililo karibu zaidi na hilo liko 23:4, na linahusu Wafilisti waliokuwa wakipigana na mji wa Keila. Mungu aliahidi kuwatia Wafilisti mkononi mwa Daudi. Sauli hakutajwa.

Inawezekana walikuwa na neno jingine ambalo halikuandikwa. Lakini kwa yale tuliyo nayo, ahadi ya kweli iliyotolewa juu ya jambo moja imenyooshwa mpaka ikafika kwenye jambo jingine. Kisha ikabandikwa mkia: "nawe utamtendea kama utakavyoona vema."

Huo mkia ndio wa kuangaliwa. Ahadi ilikuwa ya Mungu, ila namna ya kuitimiza sasa imekabidhiwa kwa mwanadamu na hasira zake.

Na kuna jambo la ajabu zaidi sura moja nyuma. Sauli alipopata habari kwamba Daudi ameingia Keila, mji wenye malango na makomeo, alisema Mungu amemtia Daudi mkononi mwake (23:7). Hoja yake ni ileile ya wale watu pangoni: nafasi imepatikana, basi Mungu ndiye aliyeitoa. Mstari wa 14 unamjibu kwa ufupi: Mungu hakumtia Daudi mkononi mwake.

Sentensi moja, upande wa mwindaji na upande wa anayewindwa. Kama urahisi wa jambo ungekuwa ndiyo sauti ya Mungu, basi Mungu angekuwa amemwahidi kila mmoja wao kichwa cha mwenzake.

## Vitu vitatu ambavyo vilikuwa vyake tayari

Nilipokuwa nikilizungusha hilo akilini, Mathayo 4 ikaanza kusomeka tofauti. Tumezoea kusema Shetani alimshawishi Yesu kwa mambo mabaya. Yapange uyaone. Mkate. Ulinzi wa malaika. Falme za dunia.

Ni lipi hapo ambalo Baba hakukusudia kumpa Mwanawe?

Mkate: huyu ndiye atakayewalisha wanaume 5,000, mbali na wanawake na watoto, kwa mikate mitano na samaki wawili. Malaika: soma mpaka mstari wa 11, Shetani alipomwacha, malaika wakaja wakamtumikia. Falme: Zaburi 2:8 ilikwisha kumwahidi mataifa kuwa urithi, na Mathayo inamalizika akiwa juu ya mlima mwingine, Galilaya, akisema amepewa mamlaka yote mbinguni na duniani.

Vyote vitatu vilikuwa njiani. Kilicholetwa na Shetani ni njia ya mkato: mkate bila kumngoja Baba, ulinzi bila utii, enzi bila msalaba.

Tena angalia mahali anapoanzia. Mwisho wa sura ya 3 sauti kutoka mbinguni imesema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Mistari michache baadaye Shetani anaanza: "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu." Neno la Baba bado halijapoa na tayari linatakiwa lithibitishwe. Bustanini ilikuwa vivyo hivyo. Mungu alisema, "Matunda ya kila mti wa bustani waweza kula," akaukataza mmoja. Nyoka akaja na "Ati!" yake, akaligeuza: hamruhusiwi kula matunda ya miti yote? Kabla hajamwonyesha Hawa uzuri wa tunda, alianza kwa kulipunguza neno la Mungu.

Shetani alipofika na Yesu juu ya kinara cha hekalu akanukuu Zaburi 91, na akanukuu kwa kuchagua. Zaburi inasema malaika wataagizwa wakulinde "katika njia zako zote". Maneno hayo hayamo katika nukuu yake. Yameachwa, kwa sababu kujirusha kutoka kwenye kinara si njia ambayo Mwana alitumwa kuipita. Akakomea kabla ya mstari wa 13 pia, ule unaosema utawakanyaga simba na nyoka.

Mtu anaweza kushika andiko la kweli na bado akawa anajaribiwa nalo.

## Miaka miwili au sabini

Hakuna ahadi inayopendwa kuliko Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani, "kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ni neno la Mungu kweli, na wanaolishikilia hawajakosea kulipenda. Shida ni kwamba wengi huanza kusoma hapo, na neno lenyewe limetangulia kusema kitu mstari wa 10: miaka 70 itimizwe kwanza Babeli.

Neno hilo limo katika barua ambayo nabii Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli. Sehemu kubwa ya watu wazima walioisikia ikisomwa hawangekuwa hai miaka 70 ikiisha. Wakaambiwa nini wafanye? Wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuwaoza watoto wao, wautakie amani mji uliowateka na kuuombea. Ahadi ilikuja na kazi ya kila siku, na kazi hiyo ilikuwa ya watu watakaokaa sana.

Sura moja kabla ya hapo yumo Hanania, nabii wa Gibeoni, akisema hekaluni mbele ya makuhani na watu wote kwamba vyombo vya nyumba ya BWANA vitarudi katika muda wa miaka miwili. Ahadi ileile ya kurudi, saa nyingine. Akaivunja nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli, ili watu waone. Yeremia alikuwa amesema Amina, BWANA na atende hivyo, maana naye alitamani iwe kweli. Kisha, baada ya nira kuvunjwa, maandiko yanasema alikwenda zake. Hakubishana hapohapo. Alirudi neno la BWANA lilipomjia.

Hanania alinena mwezi wa tano. Mwezi wa saba wa mwaka huohuo akafa.

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, na tuseme kwa haki kwamba si kwa sababu imani yao ni ndogo. Wameamini tarehe ambayo Mungu hakuitoa. Ikipita, wanadhani Mungu ameshindwa, na mtu anayedhani Mungu ameshindwa yuko tayari kujisaidia mwenyewe. Sauli alimngoja Samweli siku saba Gilgali kama alivyoambiwa, watu wakaanza kutawanyika, akatoa sadaka ya kuteketezwa kwa mkono wake. Alipokuwa ndiyo kwanza amemaliza, Samweli akafika.

## Ushindi wa juzi haulindi leo

Nilitamani hadithi ya Daudi iishie Engedi. Haiishii hapo.

Sura inayofuata, ya 25, mtu aitwaye Nabali anawatukana vijana wa Daudi na kuwanyima chakula. Daudi yule aliyemwacha hai mfalme aliyetaka kumuua, sasa anawafunga watu 400 panga kiunoni ili akaue kila mwanamume katika nyumba ya tajiri mmoja aliyemvunjia heshima. Kwa jambo kubwa alikuwa amekesha. Dharau ndogo ikamkuta hajajiandaa.

Aliyemwokoa ni Abigaili, mke wa Nabali, na namna alivyomwokoa ndiyo iliyonifungua macho. Alikuja na mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliotengenezwa, nafaka iliyokaangwa, zabibu kavu na tini. Alijua kwamba watu wenye njaa na hasira hulishwa kwanza. Kisha akaitaja ahadi. BWANA atakapokuwa amekutendea mema yote aliyonena juu yako, alimwambia, na kukuweka uwe mtawala juu ya Israeli, isiwe kwazo kwako kwamba ulimwaga damu bila sababu.

Ni ahadi ya ufalme uleule. Watu wa pangoni waliitumia kusema: basi ua. Abigaili anaitumia kusema: basi usiue.

Naona hapo kuna kipimo kizuri kuliko vingi nilivyowahi kusoma. Ahadi iliyoaminiwa hulegeza mkono. Mtu anayejua kwamba kitu kitakuja kwake hahitaji kukipora. Ahadi ikianza kukupa sababu za kufanya lile ambalo Mungu amelikataza, wewe umeshaacha kuiamini. Unaitumia kama hati.

Sura ya 26 Daudi anapata nafasi ya pili, na sasa amejifunza. Abishai anasimama juu ya Sauli aliyelala, anaomba pigo moja tu la mkuki. Daudi anakataa na kutaja njia tatu ambazo Mungu anaweza kutumia: BWANA atampiga, au siku yake ya kufa itampata, au atashuka vitani na kupotea. Hajui ni ipi. Ikawa ya tatu, mlimani Gilboa.

Halafu mara moja, 27:1: "Daudi akasema moyoni mwake" kwamba siku moja ataangamia kwa mkono wa Sauli. Baada ya ushindi mara mbili! Akavuka kwa Wafilisti, akakaa huko mwaka mmoja na miezi minne akiishi kwa kumdanganya Akishi, mfalme wao wa Gathi. Jaribu la kwanza lilimwambia ahadi itimizwe leo. Hili linamwambia haitatimizwa kamwe. La pili ni ndugu wa lile la kwanza, na kwa kawaida huja mtu akiwa amechoka.

## Kuuliza, na kusema moyoni

Chukua kalamu na usome 1 Samweli 23 hadi 30 kwa mkao mmoja. Piga mstari kila mahali Daudi anapomuuliza Mungu.

Sura ya 23 imejaa. Niende? Anauliza tena. Sauli atashuka? Watu wa Keila watanitoa? Sura ya 25, akielekea kwa Nabali, hakuna swali. Sura ya 27, akivuka kwa Wafilisti, hakuna swali. Kuna kusema moyoni. Swali linarudi sura ya 30, mji wake wa Siklagi umeteketezwa, wake na watoto wametekwa, na watu wake mwenyewe wanataka kumpiga mawe. Hapo ndipo Daudi "akajitia nguvu katika BWANA", akamwomba Abiathari kuhani amletee naivera, vazi la kikuhani lililotumiwa kumuuliza Mungu, akauliza: nikiwafuata, nitawapata?

Sura ya 24, pangoni, haituambii kwamba aliuliza. Hakuwa na nafasi. Lakini kulikuwa na neno lililokwisha kukaa ndani yake: huyu ni masihi wa BWANA, yaani mpakwa mafuta wake. Penye amri iliyo wazi hakuna haja ya kungoja ufunuo.

## Kazi ya kufanywa mapema

Yesu alijibu mara tatu, na majibu yote matatu yametoka eneo dogo la kitabu kimoja: Kumbukumbu la Torati 8:3, 6:16 na 6:13. Sura hizo ni za Israeli jangwani miaka 40, naye alikuwa amefunga siku 40 jangwani. Hakuokota aya huku na huku. Alikuwa amekaa ndani ya sura. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kulijaza neno moyoni ni huu: acha aya moja moja za kila asubuhi zinazofika bila kichwa wala miguu. Chukua sura moja, isome kwa sauti kila siku mpaka ujue kinachotangulia na kinachofuata, ndipo uhamie nyingine. Aya isiyo na majirani ndiyo iliyo rahisi kugeuzwa.

Ukiishika ahadi, iandike kwenye daftari pamoja na majibu ya maswali haya: ilitolewa kwa nani, kuna sharti gani, imetaja muda, imetaja njia? Ambapo haikutaja muda, andika kwa maandishi kwamba haikutaja. Inaonekana kazi ndogo, lakini siku ya kuchoka itakusaidia kujua ni kipi Mungu alisema na ni kipi ulijiongezea.

Majaribu nayo hayapigwi kwa namna moja. Yakobo 4:7 ina mpangilio ambao watu huuruka: mtiini Mungu, ndipo mpingeni Shetani. Anayepinga huku akiwa ameweka akiba ya jambo moja asilotaka kulitii atapinga mchana kutwa na asione mtu akikimbia. Lakini zinaa Paulo hasemi ipingwe. Anasema ikimbieni. Yusufu alikataa hata kuwa pamoja na mke wa Potifa, siku baada ya siku, na siku aliyokamatwa vazi aliliacha. Kosa la kawaida ni kubaki chumbani ukiomba nguvu za kubaki chumbani. Hofu ni kinyume: ukiikimbia inakufuata mpaka Siklagi.

Usiupuuze mwili. Yesu alishawishiwa kwa mkate alipoona njaa. Nabii Eliya alipoomba afe chini ya mti wa mretemu, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Neno lilikuja baadaye, katika mlima Horebu. Uamuzi mkubwa usifanywe usiku wa manane na mtu ambaye hajala wala kulala, hata kama ameufunika kwa maombi.

Na maombi yenyewe, yatangulie. "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni" lilisemwa Gethsemane kabla ya mienge na panga kufika. Petro alilala saa ya kuomba, na saa ya kunyamaza akachomoa upanga.

Paulo anaahidi mlango wa kutokea, 1 Wakorintho 10:13. Soma mpaka mwisho: "ili mweze kustahimili." Mara nyingine mlango huo hautoi mtu nje ya hali, unamtoa nje ya dhambi iliyomo ndani ya hali, na kungoja kunaendelea palepale.

## Taji ilipoletwa

Hatimaye Sauli anakufa. Mwamaleki mmoja anafika Siklagi akiwa na taji na kikuku cha mfalme, akidhani ameleta habari njema. Daudi anararua mavazi yake, analia, anafunga mpaka jioni.

Sasa hakuna aliyesimama njiani. Samweli alimpaka mafuta miaka mingi nyuma, adui amekufa, taji iko mkononi. Kama kulikuwa na siku ya kwenda bila kuuliza, ilikuwa hiyo.

Daudi akamuuliza BWANA: nipande niende mji mmojawapo wa Yuda? Akaambiwa, Panda. Akauliza tena: niende upi? Akaambiwa, Hebroni. Akapanda na wake zake na watu wake, kila mtu na jamaa yake, akatawala huko juu ya kabila moja kwa miaka saba na miezi sita.